Jina Lililotolewa Wimboni

Mama mkubwa wangu Shalmat alizaliwa Betzaita, akaolewa Betzaita, na majira ya baridi yaliyopita tulimzika hapo hapo Betzaita, nyuma ya vinu vya kukamulia zeituni, mahali ambapo upepo wa milimani hauna adabu kwa mtu yeyote. Hakuwahi kufika Antiokia, ingawa ni mwendo wa siku moja kwa punda. Mimi nilifika. Wajomba walichanga wakanisomesha balagha, ufundi wa kushinda kwa maneno, nikakaa chini ya walimu wanaobishana kutwa nzima ni lini hasa watu wetu walianza kumwomba Yesu kama Mungu anavyoombwa. Huyu anataja waraka fulani, yule anataja unabii, mwingine anataja wanafalsafa. Sikumsikia hata mmoja akitaja ubao wa kuoshea maiti. Kwa hiyo nitautaja mimi.

Shalmat alikuwa muosha. Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake, mwanamke mkavu aliyemfundisha kwa kumpiga vikofi mikononi: maji ya uvuguvugu kwanza, kitambaa cha mafuta baadaye, vidole vya miguu vifungwe pamoja, taya lifungwe kabla halijakakamaa. Kanisa letu lilikuwa dogo na maskini, na wafu wake hawakuwa na watu wa kulipwa. Wanawake waliosha wanawake, wanaume wakaosha wanaume, na Shalmat ndiye aliyejua kufanya kazi hiyo bila kumwogopesha mtu. Alizoea kuongea na maiti. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mzee Malkos aliyekuwa na mwili wa ng'ombe, siku ambayo wanaume hawakutosha kumgeuza wakamwita asaidie: "Geuka basi, shemeji. Ulipokuwa hai ulikuwa mwepesi wa kugeuka, hasa sahani za watu zikipita."

Mumewe alichukuliwa mateka na majeshi ya Uajemi yalipopita kwenda kuiteka Antiokia. Walimwendesha mashariki pamoja na maelfu ya wengine, na habari yake iliishia barabarani. Akabaki na mtoto mmoja, Zabbai, mwenye kovu kidevuni kwa kuanguka kutoka kwenye mtini wa jirani, na aliyekuwa na tabia ya kuimba vibaya kwa sauti kubwa. Alikuwa karibu kuota ndevu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo nikimfuata kila mahali kama mkia.

Halafu ikaja tauni.

Waliokuwepo hawapendi kuisimulia. Majirani wetu wanaoabudu masanamu waliwatoa wagonjwa wao nje ya mlango wakiwa bado wanapumua. Watu wa kanisa hawakufanya hivyo, na wakafa kwa kutofanya hivyo. Wanaume wetu waliokuwa wakiosha wanaume walikufa au walikimbilia mashambani, ikawa Shalmat anaosha kila anayeletwa. Aliosha asubuhi, aliosha mchana. Jioni alirudi nyumbani akijisugua mikono kwa majivu hadi ngozi ikapasuka. Zabbai alikuwa akimngojea na uji wa dengu. Kisha siku moja hakumngojea. Alikuwa amelala chini, macho mekundu, anatapika.

Alipokufa nilikuwepo chumbani. Mama yangu alikuwa kitandani naye anaumwa, kwa hiyo nilikuwa nimepelekwa kwa mama mkubwa, na hakuna aliyekumbuka kunitoa. Kuni zilikuwa zimekwisha mji mzima. Shalmat akamwosha mwanawe kwa maji ya kisimani, baridi kama yalivyo. Alianza ile sala yetu ya kuoshea, ambayo humsifu Baba asiyekufa, asiyechoka, asiyeguswa na uchafu wowote. Alifika kwenye "asiyekufa" akanyamaza. Aliushika mkono wa Zabbai na kitambaa kikiwa kinachuruzika.

"Sasa asiyekufa atajuaje?" alisema. Hakusema nami. Hakusema na mtu.

Ndipo akaanza kuimba, polepole, akitafuta neno moja moja kama mtu anayepapasa ukuta gizani:

Mungu uliyeoshwa kwa mikono ya watu,
maji yalikuwa baridi, nawe ulinyamaza.
Mungu uliyefungwa taya kwa kitambaa,
mfungue Zabbai.

Huo ndio wimbo wote. Hakukaa akafikiri kama mtu anaweza kuitwa Mungu. Alimhitaji Mungu aliyewahi kulala juu ya ubao, na alimjua mmoja tu.

Zabbai alitiwa kwenye shimo la wote, pamoja na wengine wa juma lile, chokaa ikamwagwa juu. Hakuna jiwe. Na kwetu mama akifiwa, jina la mtoto haliitwi tena mbele yake. Hata ile "mama Zabbai" aliyoitwa tangu ujana iliachwa siku ile ile, akarudi kuwa Shalmat. Watu wanaona ni huruma. Mimi sioni hivyo, lakini ndiyo desturi. Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja jina la Zabbai lilikuwa limebaki mahali pamoja tu duniani, nalo ni mwisho wa ule wimbo.

Wanawake waliokuja kumsaidia kuosha waliusikia, wakauchukua. Rafiki yake Domna ndiye wa kwanza. Nao hawakuubadilisha hata kidogo. Walimwosha bikizee asiye na jino wakamwimbia "mfungue Zabbai". Walimwosha mtoto mchanga wa kike, wakaimba hivyo hivyo. Ikawa kila maiti wa Betzaita ni Zabbai. Shalmat aliniambia hilo ndilo lililomfanya aweze kuamka asubuhi.

Tauni ilipopungua wimbo haukubaki na maiti. Wanawake waliuimba wakichuma zeituni. Kisha alfajiri moja ya siku ya kwanza ya juma, tukiwa tumesimama tumeelekea mashariki kabla ya kumega mkate, mtu mmoja upande wa wanawake akauanzisha, na kanisa zima likaitikia, wanaume kwa wanawake, maana hapakuwa na nyumba ambayo haikuoshewa mtu chini ya maneno yale. Tangu siku hiyo tulimwimbia Yesu tukimwita Mungu mbele ya kila mtu. Hakuna askofu aliyeamuru. Tulikuwa tumeshamwita hivyo mara nyingi mno juu ya ubao, na hatukuwa na jina jingine la kumwita asubuhi ile.

Miaka ikapita. Akaletwa askofu mpya, Heliodoro, mtu msomi, mwenye sauti nzuri na viatu vizuri zaidi. Siku ya kwanza aliposikia wimbo alinyamaza. Ya pili aliuliza umetoka wapi. Ya tatu aliupiga marufuku.

Namchukia kwa mafundisho yake, lakini sitamsingizia. Alikuwa na hoja, tena aliiamini. Alisema Mungu ni mmoja. Yesu alikuwa mtu mwema kuliko watu wote, Mungu akamjaza roho yake, akamwinua. Basi tumwombe Baba, kama Yesu mwenyewe alivyomwomba Baba. "Juzi Warumi wamemtangaza mfalme wao aliyekufa kuwa mungu, mkacheka mpaka mkashika mbavu," alituambia. "Leo ninyi mnamfanya fundi seremala kuwa Mungu, tena aliyeoshwa! Mungu anaoshwa, jamani? Anaogeshwa kama mtoto?"

"Kwani mnadhani alizikwa na damu yake?" Shalmat akajibu kutoka upande wa wanawake. Domna akambana ubavu kwa kiwiko.

Kanisa likagawanyika. Upande mmoja askofu na matajiri wawili wa vinu. Upande wa pili karibu watu wote wengine, wakiongozwa na mzee wa kanisa Eutropi, aliyekuwa amesoma kuliko yeyote Betzaita, na aliyeamini wimbo ule kwa moyo wake wote. Hilo nalo nalisema kwa haki. Eutropi aliandika kwa maaskofu wa miji jirani, nao watatu wakakubali kuja kusikiliza shauri.

Siku chache kabla hawajafika nilikuwa nimerudi kutoka masomoni, nimekaa uani kwa mama mkubwa nikimenya vitunguu, Eutropi akaingia.

"Amani, mama Shalmat."

"Amani, mzee. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umepotea njia."

Akacheka, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Nimekuja kwa habari ya wimbo. Ulifundishwa na nani?"

"Na maji baridi."

"Mama, nakuuliza kwa dhati."

"Nami nakujibu kwa dhati. Sikuwa na kuni."

Eutropi akavuta pumzi. Akamweleza kwamba Heliodoro atasimama mbele ya maaskofu na kusema kwamba tumemfanya mtu kuwa Mungu kwa nyimbo zilizotungwa jana, na kwamba neno lenyewe linalowatia maaskofu hofu ni hilo la "jana". Kitu kipya kwao ni ugonjwa. "Lakini wakijua kwamba mababu waliuimba, basi. Yamekwisha. Utasema uliupokea kwa mama mkwe wako, naye kwa mama yake, hivyo hivyo hadi kwa mitume."

"Mama mkwe wangu hakuwa akiimba. Alikuwa akinuna tu."

"Mama, tafadhali."

"Na Zabbai je? Mitume walimjua?"

Eutropi akatazama viatu vyake. "Pale tutasema 'mfungue mtumwa wako'. Inaingia vizuri tu. Tena inamfaa kila mtu."

Shalmat aliacha alichokuwa akifanya. "Hebu niambie, mzee. Wewe unaamini yule aliyeoshwa ni Mungu?"

"Naamini. Niko tayari kufa kwa hilo."

"Uko tayari kufa, lakini huko tayari kusema kweli."

"Hawataiamini hiyo kweli!" Eutropi akasimama, uso umemwiva. "Muosha maiti, mama! Unataka nisimame mbele ya maaskofu niseme Mungu wetu tumempata kwa muosha maiti?"

"Ungempata wapi kwingine? Alikuwa maiti."

Eutropi aliondoka bila kuaga. Shalmat akaniangalia ninavyoharibu vitunguu.

"Nikisema kweli," aliniambia, "watampiga marufuku Mungu wangu. Nikisema uongo namtia mwanangu shimoni mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Wewe uliyesoma, hapo wanachaguaje?"

Katika miaka yote ya balagha nilifundishwa jinsi ya kushinda, na hilo halikumsaidia.

Maaskofu walifika, wakala mwanakondoo wa tajiri mmoja na zeituni za mwingine, kisha wakaketi katika ukumbi mkubwa wa nyumba ya mkutano. Heliodoro alisema vizuri, Eutropi akasema vizuri zaidi. Ndipo askofu mzee aliyeketi katikati, mwenye ndevu hadi kifuani na sikio moja lisilosikia, akaagiza aletwe yule mwanamke ambaye kila mtu anasema ndiye anayeujua wimbo tangu mwanzo.

Shalmat alisogea mbele. Alikuwa amejifunga kitambaa chake cha sikukuu, lakini mikono hakuweza kuificha. Ilikuwa na mipasuko kama gome la mzeituni.

"Mama, wimbo huu uliupata wapi?" askofu akamuuliza. Alimuuliza kwa upole.

Nilimwona Eutropi akifumba macho, midomo ikicheza. Alikuwa akiomba.

"Niliutunga mwenyewe," Shalmat akasema, "siku niliyomwosha mwanangu. Anaitwa Zabbai."

Tangu tauni hakuna aliyekuwa amemsikia akilitamka jina hilo mbele za watu, nje ya wimbo. Kisha Heliodoro akainuka taratibu, akafungua mikono yake kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Sina la kuongeza."

Lakini Eutropi alikuwa nalo. Akaja akasimama karibu na mama mkubwa, akamwekea mkono begani, na machozi yakimtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, na hapo ndipo ninapozidi kumkasirikia.

"Ndugu zangu, nani hapa hamjui mama huyu? Alizika nusu ya mji. Alimzika na mwanawe wa pekee. Msiba ukizidi, mtu huona kila kitu kimeanzia kwake. Aliusikia wimbo huu utotoni, kama sote tulivyousikia, na siku ya uchungu wake akatia humo jina la mtoto. Nani atamlaumu? Lakini niambieni kweli." Akawageukia maaskofu. "Mwanamke asiyejua herufi moja, mnamwona anaweza kuyatunga maneno haya?"

Akauimba. Aliuimba kwa sauti yake nzuri ya mtu aliyesoma, "mtumwa wako" ikiwa pale mwisho, na askofu mzee akalia.

"Mzee, mimi si mwehu," Shalmat alisema.

"Hakuna aliyesema hivyo, mama."

Nikashindwa kujizuia. Nikapanda juu ya benchi nikapiga kelele kwamba anasema kweli, kwamba nilikuwepo, niliuona wimbo ukizaliwa.

"Ulikuwa na umri gani, kijana?" akauliza mmoja wa maaskofu.

"Miaka saba."

Ukumbi ukacheka. Hata watu wa upande wetu walicheka, tena wao ndio waliocheka zaidi, kwa sababu waliona wameshinda.

"Mimi namwamini mama huyu," Heliodoro akasema.

"Lazima umwamini," Eutropi akamjibu. "Anakufaa."

Basi mtu pekee aliyemwamini Shalmat siku ile, kati ya wakubwa wote, ni yule aliyemkana Mungu wake. Na wale waliomkiri Mungu wake walimwona amepungukiwa akili.

Hukumu ilitoka kabla ya jioni. Wimbo ni wa kale, umetoka kwa mababu. Kristo aimbiwe kama Mungu, kwa maana ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Heliodoro aondolewe. Jina geni lililopenyezwa mwishoni na mikono ya baadaye liondolewe, wimbo urudishwe katika usafi wake. Na yule mama aonywe kwa upole asiuharibu tena.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi, yeye na Domna. Njiani watu walikuwa wakiimba kwa furaha, wakipiga makofi.

"Kwa hiyo wameamua kwamba ni Mungu?" Shalmat akauliza.

"Wameamua, mama mkubwa."

"Haya. Mimi nilikuwa nalijua."

Tulipofika aliingia moja kwa moja, akafunga mlango.

Heliodoro aliondoka siku ya tatu, mizigo yake juu ya punda wa kukodi. Alimkuta Shalmat kisimani, akasimama. "Mama, mimi nilikuamini," akamwambia.

"Najua. Ungeubakiza na jina lake, kisha ungeuzika wote. Wao wameuacha hai, wakamzika yeye." Akainua mtungi wake. "Nendeni tu na amani yenu, ninyi wote."

Tangu siku hiyo Shalmat aliosha kimya. Aliosha vizuri kama zamani, lakini hakuimba, na hata yale mazungumzo yake na maiti yaliisha. Binti mmoja aliyefiwa na mama yake alimsihi: "Mwimbie basi, bibi. Ule wimbo."

"Ule ni wa mababu. Waambie wao waje wamwoshe."

Watu wakasema amekuwa na roho mbaya. Alfajiri ya siku ya kwanza alikuja kama kawaida, akasimama akielekea mashariki katikati ya wanawake, na kanisa lote likiimba alifunga mdomo. Eutropi alikuwa sasa ndiye askofu. Aliuanzisha mwenyewe, na alipofika mwisho alitazama juu, ng'ambo, popote ila upande wa wanawake. Maaskofu wale watatu waliuchukua hadi kwao. Mwaka uliofuata niliusikia Antiokia, katika kanisa kubwa, na mwalimu wangu mmoja akautolea hoja darasani: tazameni, akasema, tangu vizazi vya kwanza kabisa watu wa Siria walimwita Kristo Mungu. Nilimwambia yaliyotokea. Akaniambia kijana anayetaka kusaidia imani hasemi mambo kama hayo.

Mimi namwamini Mungu yule aliyeoshwa. Nitakufa nikimwamini. Lakini siwezi kusimama pamoja na watu wanaompenda hivyo na wakamwogopa hivyo mwanamke aliyewaonyesha Mungu huyo.

Shalmat alikufa akiwa amekaa, kitambaa mkononi, kabla hajaanza kumwosha mtu mwingine. Domna alikuja kumwosha pamoja na wasichana watatu ambao Shalmat mwenyewe aliwafundisha. Sisi wanaume tulisimama uani, baridi inatukata, askofu Eutropi akiwa mbele ameinamisha kichwa. Kupitia dirishani nilisikia maji yakimwagwa. Nilisikia Domna akisema, kwa sauti ya mazoea, "Taya kwanza, kabla halijakaza." Kisha wasichana wakaanza kuimba.

Walikuwa na sauti nzuri. Mungu uliyeoshwa kwa mikono ya watu. Nilishika ukuta nikingoja. Nilijiambia leo angalau, humu ndani, juu ya ubao huu, Domna anakumbuka, Domna ndiye aliyeupokea wa kwanza. Mungu uliyefungwa taya kwa kitambaa. Na wote wanne, pamoja na Domna, wakamalizia: mfungue mtumwa wako.

"Zabbai!" nikapiga kelele kwenye dirisha. "Ni Zabbai! Mfungue Zabbai!"

Eutropi hakugeuka. Ndani walikuwa wameuanza tena; wimbo ulikatika, maji yakanyamaza, na Domna akatoa kichwa dirishani, macho mekundu, kilemba kimeenda upande.

"Ebo! Huna adabu? Kuna maiti humu," alisema. "Nyamaza, mwanangu, unatuharibia wimbo."